Fremu ya Kutembelea Ikunjwe na Mtu Aliyekaa

Kutembea upya hufundishwa mahali pasafi. Mtu aliyevunjika nyonga, au aliyefanyiwa upasuaji wa goti, huanza na hatua chache kando ya kitanda, mikono yote miwili imeshika fremu, mtaalamu wa fiziotherapia yuko nyuma yake. Sakafu imenyooka, mlango ni mpana. Akifika mwisho wa korido anageuka na kurudi, na ndugu waliokuja kumwona wanafurahi. Kisha inafika siku ya kuruhusiwa, na mtu huyo huyo anatakiwa kurudi nyumbani Ilomba, jijini Mbeya, kwa bajaji.

Fremu ya kawaida ina upana wa sentimeta 60 hivi, na kimo cha sentimeta 80 hadi 95 kutegemea urefu wa mtumiaji. Ikiwa haikunjiki, inakula nafasi ya abiria mzima kwenye kiti cha nyuma. Basi hufungwa kamba nyuma ya bajaji, au ndugu anaishikilia kwa nje huku dereva akikwepa mashimo. Kwenye haisi konda anaiona mzigo, na mzigo hulipiwa. Anayetoka mbali ana taabu zaidi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inahudumia mikoa saba ya upande huu wa nchi. Anayerudi Tukuyu au Kyela atapandia stendi ya Nane Nane akiwa na mfuko wa dawa, blanketi, na kifaa kisichojua kujikunja. Mwisho wake mitaani tunaujua: fremu inabaki nyumbani, na mwenye fremu anabaki nayo. Kliniki inarukwa, kanisani haendi, msibani anatuma salamu.

Ninaamini Ilomba inaweza kutengeneza fremu inayokunjika, na kuitengeneza ikawafaa watu wake kuliko inayotoka nje. Tembea kandokando ya barabara kuu kutoka Mwanjelwa kuelekea Uyole uone karakana za mageti, za madirisha ya alumini, na maduka ya vipuri vya pikipiki. Vifaa vipo na mikono ipo. Kinachokosekana ni mchoro ulioanzia mahali sahihi, na kwa maoni yangu mahali hapo ni kiti cha bajaji.

Nieleze. Fremu za kukunja zimekuwepo duniani kwa miaka mingi. Nyingi zina vitufe viwili, kimoja kila upande. Ukibonyeza, upande ule unaingia ndani mpaka unalala juu ya sehemu ya mbele, na fremu nzima inabaki na unene wa sentimeta 10 hivi. Ni ubunifu mzuri, ila unadhani kwamba kuna mtu wa pili wa kuikunja, au kwamba mwenye fremu anaweza kusimama bila kushika kitu. Anayeihitaji kweli hawezi. Fremu anayotaka kuikunja ndiyo anayoiegemea.

Kwa hiyo mpangilio wa kupanda ni huu. Mtu anafika kwenye bajaji, anageuka taratibu mpaka ahisi ukingo wa kiti nyuma ya miguu, anapeleka mkono nyuma kushika kiti, anakaa. Hapo ndipo fremu inapokunjwa na kuvutwa ndani. Wakati wa kushuka anaifungua akiwa bado amekaa, anaiweka chini, kisha anajisukuma kutoka kwenye kiti kwa mkono. Wataalamu wa fiziotherapia husisitiza sana jambo hili: usiinuke kwa kuivuta fremu, itakupindukia. Ukiufuata mpangilio huo kwa makini, kazi ya mbunifu inajieleza yenyewe. Fremu lazima ikunjike kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine umeshika nguzo ya bajaji, na wenzo wa kukunjia lazima uwe juu, katikati ya bomba la mbele, mahali mtu aliyekaa anapopafikia bila kuinama.

Mkono mmoja, lakini pande mbili za kufungua. Hapa ningeingia duka la vipuri. Wenzo wa breki ya pikipiki au baiskeli ukifungwa kwenye bomba la mbele unaweza kuvuta waya mbili kwa pamoja, moja kwenda bawaba ya kushoto na nyingine ya kulia. Kila bawaba ina pini ya chuma inayosukumwa na springi iingie kwenye tundu lake. Springi ndiyo inayofunga, na waya kazi yake ni kuifungua tu. Mgawanyo huo wa kazi ndio roho ya kifaa chote, kwa sababu waya ya breki hukatika, sote tunalijua hilo. Ikikatika hapa, fremu itakataa kukunjika lakini itaendelea kusimama. Mtu atafika nyumbani. Mchoro wowote ambao waya yake ikikatika fremu inalegea, uchanwe hata kama ni mwepesi na wa bei nafuu.

Pini hizo zipakwe rangi nyekundu kwenye shingo, ili nyekundu ikionekana kila mtu ajue haijaingia vizuri. Mlio wa pini ukigonga tundu unatosha kwa wengi, ila wazee wetu wengi masikio yamechoka. Bawaba zenyewe zinaweza kuinamishwa kidogo ili uzito wa mtu uzisukume pande zibaki wazi. Fundi wa mageti anayajua haya: bawaba zikikosa wima, geti hujifungua au hujifunga lenyewe. Kosa hilo la geti hapa ni msaada, mradi fundi achague upande.

Sasa uzito, na hapa hesabu inasema kweli kuliko maneno. Fremu moja inakula takriban mita 6 za bomba la duara. Ukichukua bomba la chuma la inchi moja lenye unene wa milimita 1.2, mita 6 zina kilo 4 na kidogo. Bomba la alumini la vipimo hivyo hivyo lina kilo moja na nusu. Tofauti hiyo haionekani kubwa mtu akiinyanyua mara moja dukani. Lakini fremu isiyo na magurudumu huinuliwa kila hatua. Bibi anayetoka chumbani kwenda chooni nyuma ya nyumba anaiinua mara kadhaa, na anaiinua kwa mabega yaliyokwisha choka. Kilo mbili na nusu za ziada zitamrudisha kitandani kabla ya mchana.

Kikwazo ni kwamba alumini haichomelewi kwa mashine za kawaida za karakana zetu. Inataka mashine ya gesi na mkono uliozoea. Watu wengi wakifika hapo wanarudi kwenye chuma. Mimi ningeenda kwa fundi wa madirisha. Yeye hachomelei. Anakata, anatoboa, anapiga ribiti, anakaza bolti, na dirisha linakaa miaka. Fremu iliyochorwa kwa ribiti na bolti tangu mwanzo iko ndani ya uwezo wake. Tahadhari ni mbili. Mabomba ya madirisha hayakuundwa kubeba mtu, kwa hiyo litafutwe bomba la duara lenye unene wa kutosha. Na kwenye bawaba na matundu ya pini iwekwe bushi ya chuma, kwa maana alumini tupu ikisuguliwa na pini kila siku tundu linakuwa la yai, na fremu inaanza kucheza. Kuchezacheza huko ndiko kunakomwondolea mzee imani, na akishaogopa haitumii tena.

Mambo madogo yana thamani kubwa. Vishikio vya mpira vya pikipiki vimetengenezwa kwa usukani wa milimita 22, hivyo sehemu ya kushikia iwe ya bomba la kipimo hicho na mpira upatikane duka lolote. Alumini tupu alfajiri ya Julai hapa Mbeya haishikiki kwa baridi. Kimo kipimwe mtu akiwa amesimama na viatu anavyovaa kila siku, mikono ikining'inia: kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono, na akishika, kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Miguu iwe na matundu kila sentimeta mbili na nusu, kwa kuwa katika familia zetu kifaa hakikai na mtu mmoja. Babu akipona, shangazi atakihitaji.

Soli za miguu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zile raba ndogo za kiwandani zimezoea vigae. Ilomba ina mteremko, ina vivuko vya mbao juu ya mitaro, na mvua zikianza mwishoni mwa mwaka udongo unateleza na kunata mpaka Aprili. Raba ndogo inazama kwenye tope na kubaki humo mguu ukiinuliwa. Soli pana iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, ikafungwa kwa bolti, ingefaa zaidi, na mafundi wa katambuga wanaijua kazi ya kukata tairi kuliko mhandisi yeyote. Magurudumu nisingeyaweka, angalau si kwa fremu ya kutokea nje. Aina Wifalk, Mswidi aliyeugua polio ujanani, alibuni mwaka 1978 fremu ya magurudumu ambayo leo imejaa mitaa ya Ulaya. Aliibunia miji yenye njia laini za miguu. Kwenye mteremko wa tope kifaa hicho kinatangulia chenyewe.

Kuna funzo la karibu zaidi. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza viti vya magurudumu na matatizo ya wanaovitumia. Kutokana na kazi hiyo yeye na wenzake walibuni kiti kinachoendeshwa kwa fimbo mbili za kusukuma, chenye uwezo wa kupita njia mbovu. Walipokijaribu Afrika Mashariki, njiani kilifanya vizuri, lakini watumiaji waliwaeleza wazi kwamba ni kizito, ni kipana, na ndani ya nyumba kinasumbua. Wabunifu walirudi mezani wakakipunguza uzito na upana kabla ya kuendelea na majaribio Guatemala na India. Hesabu za uhandisi zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Walioijua milango walikuwa wengine.

Mlango wa choo katika nyumba nyingi hapa una futi mbili na nusu, yaani sentimeta 76, na ubao wa mlango wenyewe unakula sehemu yake. Fremu ya sentimeta 60 inapita kwa shida, vidole vikiponea chupuchupu. Mchoraji asiyeingia kwenye vyoo hivyo na futi mkononi atachora fremu ya maonyesho ya Nane Nane.

Na fremu yenyewe haifai kuuzwa kabla ya kuteswa. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 11199-1, kinachohusu fremu za kutembelea, na majaribio yake ni ya uthabiti, ya mzigo mkubwa wa mara moja, na ya mzigo mdogo unaorudiwa maelfu ya mara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kina wanafunzi wa uhandisi mitambo wanaotafuta miradi ya mwaka wa mwisho. Mashine ya kurudiarudia mzigo ni mradi mzuri kuliko mingi. Hata karakana isiyo na mashine inaweza kuanza: mfuko wa saruji una kilo 50, mifuko mitatu ikining'inizwa kwenye vishikio ni kilo 150. Fremu ikipinda hapo, heri ipinde mbele ya fundi.

Na isiuzwe kwa kila mtu. Aliyepata kiharusi na mkono mmoja umelegea hawezi kuinua fremu ya mikono miwili. Anahitaji mkongojo wenye miguu minne, au kifaa kingine. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kusema nani apewe nini. Karakana isiyo na mtaalamu huyo karibu inaweza kumwangusha mtu kwa nia njema kabisa.

Suala la nani alipe limeandikwa tayari kwenye sheria na mikataba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 20 inataka serikali iwezeshe vifaa bora vya kutembelea kupatikana kwa bei ambayo mtu anaimudu. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata hawazidi asilimia 3 ya wanaokihitaji. Ninakasirika ninapoisoma takwimu hiyo, kwa sababu bomba la mita 6, waya mbili za breki na springi mbili si teknolojia ya mwezini.

Njia ya fedha ipo kwa kiasi fulani. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha watu wenye ulemavu chenye fundi wa alumini ndani yake, na ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) ya hapa Mbeya ikiwasaidia mafunzo, kina sababu nzuri kabisa ya kuomba mkopo huo. Wakishapata mchoro unaoaminika watahitaji kwenda kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba wajue masharti ya kifaa chao kabla ya kukipeleka sokoni.

Lakini fremu za kwanza zisiuzwe. Zikopeshwe mwezi Novemba kwa wazee wa Ilomba wenye nyumba za aina mbalimbali, walio juu ya mteremko na walio karibu na lami, na kila mmoja alipwe kwa muda wake kama anavyolipwa mtu yeyote afanyaye kazi ya majaribio. Mwezi Mei zirudishwe karakanani, bawaba zifunguliwe, matundu ya pini yapimwe, soli zipimwe unene, waya zikaguliwe uzi kwa uzi, na wazee wenyewe wawepo mezani mchoro wa pili unapochorwa.