Jua Ukoo Wako, Ujue Afya Yako

Je, msomaji, wajua nyanya yako mzaa mama alifariki kutokana na ugonjwa gani? Wengi wetu hujibu kwamba "aliugua tu" au "alirogwa". Jibu kama hilo huenda likamponza mjukuu.

Kuna maradhi yanayoandama ukoo. Mzazi au ndugu yako akiwa na kisukari, hatari yako ya kuugua huongezeka. Ndivyo ilivyo kwa shinikizo la damu na baadhi ya saratani, kama ile ya matiti.

Selimundu, ugonjwa wa damu unaopatikana zaidi magharibi mwa Kenya na Pwani, hurithiwa kutoka kwa baba na mama. Wazazi waweza kuwa wazima kabisa, lakini iwapo wote wawili wana chembe za urithi za ugonjwa huo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Ni boma ngapi zilizozika watoto mmoja baada ya mwingine, kisha jirani akasingiziwa uchawi?

Kuchimbua habari za ukoo ni uraibu usiohitaji fedha nyingi. Tenga wiki moja ujaribu.

Jumatatu, chukua daftari uchore mti wa ukoo: wewe na ndugu zako, wazazi, wajomba, ami na shangazi, kisha babu na nyanya wa pande zote mbili. Usiusahau upande wa baba unapoulizia saratani ya matiti, kwani hatari hiyo hurithiwa kutoka huko pia.

Jumanne na Jumatano, watembelee wazee. Ikiwezekana, nenda kwa miguu ili mwili nao ufaidike. Usianze kwa kuuliza magonjwa. Salimu, keti, usikilize hadithi. Mzee akisahau mwaka, muulize kama jambo lilitokea kabla ya Hali ya Hatari ya 1952, Uhuru wa 1963 au ukame wa 1984. Uliza pia dalili: je, marehemu alikuwa akisikia kiu kila mara? Alipooza upande mmoja? Alikuwa na umri gani? Ugonjwa unaoanza mapema maishani ndio hasa wa kuangaliwa.

Alhamisi, tafuta maandishi: vyeti vya vifo, kadi za hospitali, vitabu vya ubatizo na mazishi kanisani. Walio Nairobi waweza kufika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue. Jihadhari na majina. Miongoni mwa Wakikuyu, kwa mfano, kifungua mimba wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, hivyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi. Andika miaka ili usiwachanganye.

Ijumaa, jitolee. Yule mzee aliyekupa habari huenda hajapimwa shinikizo la damu kwa miaka mingi. Msindikize zahanati, nawe upimwe papo hapo. Kuwa na mtu wa kuzungumza naye humpunguzia mzee upweke.

Jumamosi, nakili uliyopata kwa hati safi. Siri za watu, kama vile mtoto wa kulea au ugonjwa ambao mwenyewe hataki utajwe, zitunze. Usizisome mbele ya watu.

Jumapili, jamaa wakikutana, waeleze yale yatakayowafaa. Vijana wanaotarajia kuoana na wanaotoka kwenye koo zenye selimundu wapimwe damu kabla ya kupata watoto.

Kumbuka, kurithi hatari si kurithi kifo. Mwenye kisukari katika ukoo aweza kupunguza hatari yake kwa kufanya mazoezi, kula vyema na kutonenepa kupita kiasi. Kwa hiyo usiliache daftari kabatini. Lichukue siku utakapomwona daktari, umwonyeshe. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humfichua.