Makubaliano ya Shamba Yasiishie Mdomoni

Katika Sironga, kaunti ya Nyamira, ardhi ni finyu na watu ni wengi. Robo ekari ikiuzwa visivyo, ndugu huweza kukosana hadi kaburini. Naona kwamba chanzo cha magomvi haya si tamaa pekee. Wengi wetu twaamini kuwa fedha zikishahesabiwa mbele ya wazee, na miti ya mpaka ikapandwa, shamba limekwisha kupata mwenyewe mpya.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Tena, likiwa shamba la kilimo, Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya 1967 yadai idhini ya bodi ya ardhi, nayo iombwe kabla ya miezi 6 kupita. Idhini ikikosekana, mapatano huwa batili, na mnunuzi huachiwa kudai fedha zake kama deni. Fikiri, ewe msomaji, juu ya aliyelipa miaka ishirini iliyopita: shilingi zile zitamnunulia nini leo?

Ni kweli kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubali kuwa muuzaji aliyepokea malipo na kumkabidhi mnunuzi shamba aweza kuzuiwa kujificha nyuma ya ukosefu wa idhini. Lakini nafuu hiyo hupatikana baada ya kesi ndefu yenye gharama.

Hati miliki nayo haimalizi maswali. Mwaka huo huo, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba aliyeandikishwa aweza kuwa amewashikia jamaa zake ardhi hiyo kwa amana ya kimila. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yakataza kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Basi mnunuzi mwenye busara huchunguza daftari la msajili, kisha akawauliza mke, ndugu na majirani.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wetu humaliza kidato cha nne akijua kupiga hesabu ya eneo la shamba, asijue jinsi shamba linavyouzwa. Tumfundishe kusoma mkataba kabla hajaitwa kuutia sahihi.