Orodha ya Mgao Ilipofika Sebuleni

Usiku mmoja wa mwezi wa Shaaban, tukiwa ndio kwanza tumerejea kutoka Swala ya Isha, mwanetu wa miaka kumi alitujia na kishikwambi mkononi akauliza: "Baba, kumbe nyumbani kwa kina fulani nao hupewa chakula na msikiti?" Alimtaja mwenzake wa madrasa, mtoto anayeketi naye mkeka mmoja. Tulipotazama kioo tulikuta orodha ya mgao wa Ramadhani: majina ya kaya, nambari za simu, idadi ya watoto, na safu ya mwisho yenye kueleza hali za watu. Mjane. Mgonjwa wa figo. Mwenye deni la kodi ya nyumba. Orodha hiyo tuliiandaa asubuhi ileile katika kompyuta ya ofisi ya msikiti, na hatukuwa tumemtumia mtu yeyote.

Hapakuwa na mdukuzi. Kosa lilikuwa letu, na chanzo chake kilikuwa jambo jema.

Mtu anapoingia katika kivinjari, kiwe ni Chrome au Firefox, kwa akaunti yake, kisha akaruhusu usawazishaji, kivinjari hupeleka nakala ya mambo yake kwenye hifadhi ya mbali kwa njia ya intaneti. Kila chombo kingine kilichoingia kwa akaunti ileile huichukua nakala hiyo na kujilinganisha nayo. Hivyo husafiri alamisho, nywila, anwani zinazojijaza zenyewe kwenye fomu, kurasa zilizo wazi na historia ya zilizotembelewa. Windows nayo, kwa akaunti ya Microsoft, huweza kubeba mambo kama lugha anayoipendelea mtu na sura ya kioo chake. Manufaa yake tumeyaonja. Kompyuta ya zamani ya ofisi ilipokufa ghafla, mpya tuliifungua, tukaingia kwa akaunti, na baada ya muda mfupi alamisho zote za ratiba na nywila za kazi zikawa mahali pake. Tukamshukuru Allah, wala hatukujiuliza ni wapi pengine zilipofika.

Akaunti tuliyoitumia ofisini ilikuwa yetu binafsi, na ndiyo hiyo iliyokuwa katika kishikwambi cha watoto. Mwanetu alikuwa akitafuta michezo. Alipoandika herufi "m", kivinjari kikampendekezea ukurasa tuliokuwa tukiufungua kila siku wiki ile, nao jina lake lilianza na neno "mgao". Aligusa, ukafunguka. Tulikuwa tumeifunga orodha ile isionwe na mtu wa nje, lakini kwa akaunti hakuna mtoto wala mzazi. Anayekishika chombo ndiye mwenye nacho.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 271, tunafundishwa kwamba sadaka ikitolewa waziwazi ni jambo jema, na ikifichwa na kufikishwa kwa mafakiri ni bora zaidi. Sisi tuliificha kwa majirani, tukaiachia sebuleni kwetu. Na katika Surat an-Nur, aya ya 58, watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa waombe ruhusa ya kuingia katika nyakati tatu, mojawapo ikiwa ni baada ya Swala ya Isha. Hodi ya mlango tumewafundisha watoto wetu. Kwenye kishikwambi hatukuwawekea mlango wa kubishia.

Tulichofanya si kigumu. Msikiti sasa una akaunti yake, isiyo ya katibu wala ya mweka hazina, ili anayeondoka madarakani akabidhi nywila kama anavyokabidhi funguo. Kijana anayekuja kuchapa tangazo la harusi au la maziko hufungua kivinjari kama mgeni, na akikifunga historia yake haibaki humo. Katika mipangilio ya usawazishaji mtu anaruhusiwa kuchagua. Tumeacha alamisho zisafiri, tukazima historia na nywila. Watoto wamepewa akaunti zao zinazosimamiwa na mzazi kwa programu ya Family Link. Akaunti yetu tumeiondoa katika kishikwambi, na tulipofungua sehemu ya usalama inayoonyesha vyombo vyote vilivyoingia, tulikuta humo simu tuliyokwisha kumpa ndugu yetu zamani. Nayo tukaiondoa papo hapo.

Lipo jambo ambalo wengi hulikosea: kusawazisha si kuweka akiba. Kinachofutwa katika simu hufutika na katika kompyuta. Mjumbe mmoja wa kamati yetu alifuta alamisho "zilizojazana" kwenye simu yake, na kesho yake akaja kuzitafuta ofisini akidhani kompyuta imeharibika.

Kwa wanandoa wanaotumia akaunti moja, tunaomba walifikirie hili kwa utulivu. Mke huenda ametafuta maelezo ya maradhi ambayo bado anatafuta namna ya kumwambia mumewe, na mume akayakuta kwenye kompyuta mpakato kabla hajaambiwa. Kuwa na akaunti mbili si dalili ya kukosa kuaminiana, wala akaunti moja si ruhusa ya kupekuana.

Kuhusu orodha, asubuhi ya pili tulimweleza mwenyekiti. Safu ya hali za watu imeondolewa kabisa katika kompyuta, na majina yamekuwa nambari. Majina yenyewe yamo katika daftari moja la karatasi ndani ya kabati la imamu. Mwanetu tulikaa naye, tukamweleza kuwa alichokiona ni amana. Alielewa upesi kuliko tulivyotarajia.

Lililokuwa zito ni kwenda kwa mama wa yule mtoto. Wapo waliotushauri tunyamaze, kwa kuwa hakujua. Sisi tuliona siri iliyotoka ilikuwa yake, na alikuwa na haki ya kujua imefika wapi. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza jambo moja tu: "Ustadhi, mwanangu anajua kwamba wako anajua?" Tukamwambia hajui. Akaomba mgao wa mwaka huu asiufuate msikitini, bali aletewe na mama watoto wetu, usiku, watoto wakishalala. Ndivyo ilivyofanyika.