Mtaka mboga ya Lubao sharti ainame

Msomaji mpendwa, ukimtajia mtu jina la Lubao, huenda jambo la kwanza atakalokusimulia ni habari za mbwa. Na hatakuwa amekudanganya. Soko hili, lililo kando ya barabara kuu itokayo mjini Kakamega kwenda Webuye, limepata sifa kote nchini kwa sababu mbwa huuzwa hapo hadharani, wakiwa wamefungwa kamba, kama vile wauzwavyo mbuzi na kuku katika masoko mengine. Wapiga picha hufunga safari kwa ajili ya mbwa hao, wakapiga picha zao, wakarudi walikotoka.

Lakini je, umewahi kujiuliza ni nani anayewalisha watu wote hao wanaofika sokoni siku hiyo? Mwenye mbwa atakula nini? Dereva wa matatu naye je? Na jioni, jamaa iliyo nyumbani itapika nini?

Leo, msomaji, tuwaache mbwa na wenye mbwa wao. Twende upande wa pili, kwa akina mama walioketi chini, kila mmoja na gunia lake alilolitandika, na juu ya gunia mafungu ya mboga yaliyopangwa sawasawa. Meza hapo ni chache. Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi hapa nawe itakubidi uiname.

Kipupwe cha Kakamega

Yafaa ufike mwezi wa Julai. Nchi za Ulaya zina majira ya theluji, na wakulima wa huko huuza viazi, karoti na kabichi walizoweka ghalani tangu mavuno. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna theluji, lakini tusidanganyane kuwa hatuna baridi. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ina msitu mkubwa wa mvua, baki la misitu iliyoenea zamani kutoka Kongo hadi huku kwetu. Asubuhi ya Julai ukungu hukaa chini, nyasi zimelowa, na mwenye sweta hajutii kulibeba. Mchana jua hutoka. Alasiri, mara nyingi, mawingu hukusanyika na mvua hunyesha bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Hayo ndiyo majira ya soko kushiba. Mvua za masika zimekwisha kufanya kazi yake. Maharagwe mapya yamevunwa na hupimwa kwa gorogoro. Mahindi mabichi yameanza kuingia, mengine yanachomwa kwenye makaa, mengine yanachemshwa katika sufuria kubwa lililofunikwa kwa maganda yake. Kuna viazi vitamu, ndizi za kupika, parachichi, njugu karanga na simsim. Kuna mama wa uji wa wimbi, anayekumiminia kikombe cha moto ukishike kwa mikono miwili kabla hujakinywa. Kuna vibanda vya chai na mandazi, na kuna ugali kwa maharagwe kwa mtu aliyeamka kabla ya jogoo.

Na kuna mboga. Hapo ndipo penye hadithi yetu.

Majina saba ya kukumbuka

Mtoto wa mjini akiulizwa mboga ni nini, atasema sukuma wiki, kisha kabichi, kisha atanyamaza. Msomaji, hebu tembea nami kando ya magunia haya tuyataje majina.

Hii laini yenye kuteleza ni mrenda, ambao Waluhya huuita murere. Haya ya kijani kibichi kilichokoza ni managu, au lisutsa. Ile yenye vijani vitano kama vidole vya mkono ni saga, yaani tsisaga. Hizi ni kunde, likhubi. Hii yenye majani madogo matatu matatu ni mitoo, ambayo huku huitwa miroo. Yale mapana yenye vinyweleo ni majani ya maboga, lisebebe. Na ile ya saba ni mchicha, tsimboka.

Kuna wakati mboga hizi zilidharauliwa. Zilihesabiwa kuwa magugu, au chakula cha mtu asiyekuwa na fedha ya kununua kabichi. Mgeni wa heshima akija, zilifichwa jikoni. Lakini waliozichunguza kitaalamu waliona mengine. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ameutumia umri wake wa kazi kuzitafiti mboga hizi hizi. Yeye mwenyewe amepata kueleza kwamba utotoni mwili wake uliyakataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Yeye na wenzake wameonyesha kuwa nyingi kati ya mboga hizi zina madini ya chuma na chokaa pamoja na vitamini A kuliko kabichi tuliyokuwa tukiiheshimu.

Leo mambo yamegeuka. Managu na saga huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, zikiwa zimefungwa vizuri. Mhudumu wa hoteli ya kifahari huzitaja kwa sauti ya kujivunia. Lakini, msomaji, heshima hiyo ya mboga imemfikia mama aliyeketi juu ya gunia?

Hesabu ya jioni

Tufanye hesabu ndogo, na wanafunzi washike kalamu. Huu ni mfano tu, wala si bei ya siku fulani.

Tuseme mama ameleta mafungu 40, kila fungu shilingi 20. Akiyauza yote atapata shilingi 800. Pikipiki ya bodaboda, kuja na kurudi, imemla shilingi 200. Ushuru wa soko, ambao tangu mwaka 2013 hukusanywa na serikali ya kaunti, tuuweke shilingi 50. Chai na mandazi shilingi 50. Faida yake ni shilingi 500, nasi hatujahesabu palizi, mbegu, wala saa alizotumia kuchuma jana yake jioni.

Sasa ni saa kumi alasiri. Ameuza mafungu 25, amebaki na 15. Mawingu yamejaa. Mboga hii si mahindi ya kurudishwa ghalani. Mrenda uliochumwa jana, kesho utakuwa umenyauka, na kesho kutwa ni chakula cha ng'ombe. Mama anajua hivyo. Nawe mnunuzi unajua kwamba anajua. Ndipo unaposimama mbele yake, mkono mfukoni, ukasema, "Mama, nipe mawili kwa shilingi 20."

Atakubali. Angefanyaje? Na wa nyuma yako atasema vivyo hivyo. Yale mafungu 15 yatamletea shilingi 150 badala ya 300, na faida yake ya siku nzima itashuka kutoka shilingi 500 hadi 350. Wewe umeokoa shilingi 20, ambazo pengine utamwongezea dereva wa matatu bila ya kufikiri. Yeye amepoteza sukari, sabuni na daftari la mtoto.

Sisemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Biashara ni maelewano, na soko lisilo na maneno ya kupatana ni soko lililopoa. Mnunuzi naye ana watoto na mfuko wake una mwisho. Lakini kuna namna. Patana asubuhi, wakati mama naye ana nguvu ya kukukatalia. Jioni, mvua ikinukia, lipa bei aliyoitaja, kisha umwombe nyongeza. Utaona mkono wake ukichota majani ya ziada bila ya kupima. Hivyo mtaachana mkiwa marafiki, na siku nyingine atakuwekea yaliyo mabichi zaidi.

Ukumbuke pia kwamba bei ina majira yake. Mvua ikiwa nyingi, kila shamba lina mboga, na bei huanguka. Kuanzia Desemba hadi Februari, jua likiwaka, mboga huwa haba na bei hupanda. Mama asemapo Januari kuwa fungu limekuwa dogo, usimwite mlafi. Amebeba maji kwa ndoo kuyanyweshea majani hayo.

Nyuma ya miwa

Ukiendelea na barabara hiyo kwenda Malava na nchi ya Kabras, utaona miwa pande zote. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na malipo yake huja mara moja, yakija. Wenyeji wa kaunti hii hawajasahau yaliyompata jirani: kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 na kikawa tegemeo la maelfu ya jamaa, kilielemewa na madeni hadi kikawekwa chini ya msimamizi wa wadai mwaka 2019.

Kando ya miwa hiyo, nyuma ya jiko, utaona kishamba kidogo cha mboga. Mara nyingi hicho ndicho kishamba cha mama. Mboga huwa tayari kwa wiki chache, huchumwa tena na tena, na fedha yake huingia siku ya soko. Ni fedha ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu katika bweni la chuo, huenda karo yako ya kwanza ilitoka katika kishamba cha namna hiyo, na hukuambiwa.

Nunua na maarifa yake

Jambo la pili ninalokuomba ufanye ukiwa Lubao ni kuuliza. Mama huyu hauzi majani tu. Ana maarifa ambayo hayakuandikwa juu ya pakiti yoyote, naye huyatoa bure.

Muulize, kwa mfano, habari za mrenda. Atakuambia uuchambue, uuoshe ungali mzima kabla ya kuukata, ili uzuri wake usiende na maji. Chemsha maji kidogo, tia munyu wa kienyeji, ambao wengine huuita musherekha: maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe. Hulainisha majani na kuuzidishia mrenda utelezi wake. Aliye mjini hutumia magadi, lakini iwe chembe tu, kwani magadi mengi huua vitamini. Changanya na kunde au mitoo, usiuchemshe kwa muda mrefu, ule na ugali wa wimbi.

Managu na saga ni mboga chungu. Watu wa huku huzichemsha, wakazitia maziwa, wakaziacha zilale usiku mmoja, na kesho yake wakazipasha moto. Uchungu hupungua, ladha huongezeka. Usiogope kutia mafuta kidogo au maziwa, kwa maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Na kikombe cha chai usikinywe pamoja na mboga hizo. Kingoje kidogo, maana majani ya chai huuzuia mwili kupata madini ya chuma. Badala yake kula chungwa.

Maarifa haya yanaweza kupotea. Serikali yetu ililiona hilo, na tangu mwaka 2007 kazi ya kuorodhesha vyakula vya asili ikaanza. Majina ya mamia ya mimea yaliandikwa pamoja na matumizi yake. Jamii ya Waisukha, mojawapo ya jamii za Waluhya wa Kakamega hii hii, ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa mwanzo, na wanafunzi wa shule za msingi wakashirikishwa kukusanya maarifa ya wazee. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliutia mpango huo wa Kenya katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Kwa maneno mengine, yale ambayo mama wa gunia anayajua, dunia imeyapigia saluti.

Lakini orodha haipiki mboga. Mboga hupikwa na mtu aliyemwona mtu mwingine akiipika.

Kwa hiyo, msomaji, nakupa kazi ya likizo. Utakapokwenda mashambani, mchukue mtoto wako mfike soko la karibu, liwe Lubao au lingine. Mpe fedha anunue mwenyewe. Ayaulize majina ya mboga tano na jinsi ya kupika kila moja, ayaandike katika daftari, na jioni aingie jikoni na nyanya yake. Mvulana na msichana pia, kwani tumbo halichagui.

Na wakitaka kuwatazama mbwa, watazame. Lakini kwanza wafike kwenye magunia, wamwamkie mama kwa heshima, na wainame.