Daraja la Kwanza peke yake halimfanyi mtoto daktari



Ndugu wasomaji, mwezi huu hatuzungumzii ugonjwa. Tunazungumzia wale watakaotutibu kesho. Kila matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, wazazi hutufuata hadi wodini na swali moja: "Sista, huyu mtoto ataweza kuwa daktari?"

Mama mmoja alikuja akiwa na furaha. Mwanawe amepata Daraja la Kwanza, pointi 8, na jumuiya ilikwisha kualikwa kumshukuru Mungu. Nilipotazama karatasi nikanyamaza: Biolojia A, Kemia B, Fizikia E. Mwaka huohuo, nyumba nyingine ilikuwa imelia. Binti yao alipata Daraja la Pili, pointi 12, yaani D katika masomo yote matatu. Wakaifungia karatasi sandukuni, naye hakuomba chuo. Kumbe binti alitimiza sifa za kuomba udaktari, na kijana hakuzitimiza.

Je, inawezekanaje?

Wazazi, kuna hesabu mbili, nazo zinakwenda kinyume.

Hesabu ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani. Katika Kidato cha Sita, A ni alama 80 hadi 100, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, na E ni 40 hadi 49. A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, E pointi 5. Hujumlishwa masomo matatu ya mchepuo tu. Pointi 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 ni la Pili. Hapa pointi chache ndiyo heri.

Hesabu ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hapa A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Pointi nyingi ndiyo heri. Kwa shahada ya udaktari, miongozo ya miaka ya karibuni imetaka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla isiyopungua pointi 6, na kila somo lisiwe chini ya D.

Sasa tupige hesabu. Kijana yule ana 5 na 4 na 1, jumla 10. Pointi anazo, lakini E ya Fizikia imemfungia mlango. Binti ana 2 na 2 na 2, jumla 6. Amegusa kizingiti. A ya Biolojia hailipi deni la Fizikia.

Lakini tusidanganyane. Kutimiza sifa si kuchaguliwa. Nafasi ni chache, na vyuo kama Muhimbili au Bugando, ambacho ni cha Maaskofu wetu, huchukua kwanza wenye pointi za juu. Mwenye pointi 6 aombe, ila aombe na kozi nyingine za afya pia.

Njia ya pili

Mtoto asiyefika Kidato cha Sita hajapotea. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, anaweza kuomba stashahada ya utabibu, ambayo ni ya miaka 3. Masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Basi mtoto asome Maarifa ya Biblia kwa ajili ya roho yake, lakini asiyategemee kumfikisha chuoni.

Tabibu mwenye stashahada hiyo anaweza kuomba udaktari akiwa na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Pia cheti chake cha Kidato cha Nne kionyeshe angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Hapa wengi hukwama. Wamefanya kazi vizuri miaka mingi, kumbe F ya Hisabati ya utotoni inawasubiri.

Safari ndefu

Sisi wa Tabora tumezoea habari za safari ndefu. Misafara ya zamani ilipita hapa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Enzi za misafara hiyo, mwaka 1889, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katekista Adrian Atiman. Alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani na Mapadre Weupe, nao wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Leo hospitali ya Kanisa huko Sumbawanga ina jina lake. Hata yeye, pamoja na imani yake yote, hakutumwa kwa wagonjwa kabla ya kusoma. Na hapa hapa Tabora, miaka ya 1940, Mwalimu Nyerere alifundisha Biolojia katika Shule ya Mtakatifu Maria.

Basi tufanye nini?

1. Tusome karatasi somo kwa somo. Tusiishie kwenye daraja.
2. Mtoto akiwa Kidato cha Pili, tuulize habari za Fizikia na Hisabati, siyo nafasi ya darasani tu.
3. Somo lililoangusha linaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea.
4. Kabla ya kuomba, tusome mwongozo wa TCU wa mwaka huo, kwa kuwa sifa hubadilika.

Kijana wa yule mama alirudia Fizikia. Binti wa pointi 12 aliomba mwaka uliofuata, akapata nafasi ya uuguzi, naye ni muuguzi hodari. Lakini mwaka ule mmoja uliolala sandukuni haukurudi.

Karatasi ya matokeo ni kama karatasi ya maabara, ndugu zangu. Usilie wala usishangilie kabla hujaisoma yote.

Mungu awabariki watoto wetu. Tuonane mwezi ujao.