Nyapara wa Mtandao

Mteja akinipigia kuniambia mtandao umekata, mara nyingi keshazima kompyuta na kuiwasha upya. Inasaidia, sikatai. Lakini kilichokufa kwa kawaida ni programu moja ndogo tu, na Linux ina programu nyingine ambayo kazi yake ni kuifufua kabla mwenye kompyuta hajajua kuna msiba.

Waifai haijiendeshi. Chinichini kuna wpa_supplicant, inayomalizana na ruta mambo ya nywila, halafu dhcpcd ya Roy Marples inaomba anwani. Anwani yenyewe haitolewi jumla, inakodishwa. Utaratibu wa kukodisha huko, DHCP, kama ulivyochapishwa mwaka 1997, unataka nusu ya muda wa kukodi ikifika, kompyuta irudi kwa ruta kuomba nyongeza. Kwa hiyo haitoshi dhcpcd kufanya kazi asubuhi kisha ikalala. Ikifa saa tano, hakuna wa kuomba nyongeza, na muda ukiisha ruta ina haki ya kumpa mwingine anwani ileile.

Daniel J. Bernstein aliliona tatizo la aina hii miaka ya 1990 akaandika daemontools, zana za kusimamia programu nyingine. Gerrit Pape akafuata njia hiyohiyo kwa runit, na runit ndiyo inayoendesha huduma zote za Void Linux, ambayo ndiyo ninayoweka kwenye mashine za wateja wenye kompyuta kuukuu. Debian na Ubuntu zina systemd, inayofanya kazi hii pamoja na nyingine lukuki. Kwangu hizo lukuki zimezidi, ila huo ni ugomvi wa mafundi na haumalizwi leo.

Katika runit, kila huduma ina folda yake yenye faili liitwalo run. La dhcpcd lina mistari michache, na wenye uzito ni huu: exec dhcpcd -B. Ukiweka kiungo cha folda hiyo ndani ya /var/service, haipiti sekunde tano runit imeiona na kuiwasha. Ikifa, inafufuliwa. Ikifa tena palepale, msimamizi anavuta pumzi ya sekunde moja, anajaribu tena.

Hiyo herufi B ndiyo inayowatoa mafundi jasho. Kwa desturi dhcpcd ikishapata anwani hujificha nyuma: ile iliyoanzishwa inamalizika, inabaki nakala yake. Nyapara hawezi kumhesabu kibarua aliyetokea mlango wa uani. Runit inadhani imekufa, inawasha nyingine, nayo inakuta mwenzake yupo kazini, inakataa na kutoka. Basi ni hivyo kila sekunde, na kumbukumbu za mfumo zinajaa malalamiko yaleyale. Kwa dhcpcd, -B maana yake usiende nyuma. Kwa wpa_supplicant, herufi hiyohiyo maana yake nenda nyuma! Anayenakili mstari wa huku akaupeleka kule amejitafutia usiku mrefu.

Usiweke pia wasimamizi wawili wa waifai moja. Ukitaka NetworkManager, ondoa kwanza viungo vya dhcpcd na wpa_supplicant, la sivyo zitagombania kadi ya mtandao, na runit itazifufua zote kwa uaminifu uleule.

Tena runit inajua kifo, ugonjwa haiujui. Andika sv status dhcpcd, utajibiwa run, namba ya programu, na sekunde ilizoishi. Nimewahi kuona sekunde za siku nzima huku hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Programu ilikuwa hai, tena yenye afya. Anwani ndiyo iliyokuwa haifai.

Kwa hilo folda ya huduma inaweza kuwa na faili jingine, check, unamoandika mwenyewe kipimo chako. Ila runit hailiendeshi yenyewe wakati wote; linaendeshwa unapotoa amri ya sv check, sv start au sv restart. Mimi naliita kwa sv check kupitia cron, kipanga ratiba cha mfumo, kila baada ya dakika chache, na likishindwa, sv restart dhcpcd inafuata. Kipimo changu ni kuita ruta, si tovuti ya mbali, maana intaneti ikikatika huko kwa kampuni inayoileta, kuiua na kuifufua dhcpcd hapa ni kuisumbua bure.