Herufi Nene za Kuta za Lubumbashi

Apitaye katika mitaa ya Kamalondo au Katuba, mjini Lubumbashi, aghalabu hujikuta amesoma kabla hajakusudia kusoma. Maana juu ya milango ya maduka zimesimama herufi ndefu, nene, zilizobanana bega kwa bega, zikimtangazia ALIMENTATION, PHARMACIE, QUINCAILLERIE, kwa sauti ambayo herufi ya kitabuni, kwa adabu yake, haithubutu kuitoa.

Asili ya umbo hilo ni ufinyu wa nafasi. Quincaillerie ni neno la herufi 13, na uso wa duka huenda usizidi mlango mmoja na dirisha, lakini mwenye duka, ambaye ndiye mlipaji, ataka aonekane toka ng'ambo ya barabara. “Andika kubwa, papa,” humwambia fundi. Na ukubwa huo, maadamu haupatikani kwa upana, hauna budi kutafutwa kwa kimo. Basi fundi hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, akagawa nafasi kwa jicho, kisha akazijaza herufi rangi. Na hapo ndipo ustadi hudhihirika, kwa kuwa I huridhika na pahali padogo, M hudai pakubwa, na A ikibanwa mno tundu lake huziba likabaki doa. Fundi hodari huupitisha mkia wa Q chini ya U, akaongeza kivuli chekundu upande mmoja, hata neno zima likapata ucheshi.

Haja hiyo waliijua wachapaji wa Marekani, ambao mabango yao yalijaa herufi za namna hii baada ya Darius Wells kubuni, mwaka 1827, mashine ya kuchongea herufi za mbao. Mwaka 1965 Mwingereza Geoffrey Lee alitoa aina ya herufi iitwayo Impact, ijulikanayo hata na wasioijua jina, kwani ndiyo iandikwayo juu ya picha za mzaha zinazozagaa simuni. Lakini herufi ya kawaida ikibanwa kwa kompyuta ili ienee kwenye bango, mihimili yake ya wima hukonda na ile ya mlalo hubaki minene. Mimi nauchagua ukuta.

Na mjini Lubumbashi herufi hizo hazikuishia madukani. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyejihesabu mwanahistoria, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yake, ambazo mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizitoa kitabuni mwaka 1996. Na katika picha zake maneno, kama COLONIE BELGE, yameandikwa ndani ya mchoro wenyewe, yakawa sehemu ya ushahidi.

Hata hivyo herufi nene isitumwe kazi isiyo yake. Bei na saa za kufungua zikiandikwa kwayo, msomaji hulazimika kusogea mpaka karibu aguse ukuta. Mafundi walijua zamani: jina lao na nambari ya simu, pembeni chini, huandika kwa mwandiko mwepesi wa mkono, nao husomeka vyema.